Mabomba Manne ya Kapri

Jumatatu, 6 Juni 1988

Nimeamua. Gari yangu Kapri haiendi ukweni ikikohoa. Bomba la ekzosi limepasuka pale linapotoka kwenye injini, moshi unaingia ndani, na jana Hyasinta alishuka mtaa wa Mukendo macho mekundu. Watu wakadhani nimemliza. Aibu!

Hii ndiyo gari ya spoti pekee Musoma nzima. Milango miwili, boneti ndefu. Niliinunua kwa injinia Mdenishi wa mradi wa maji alipokuwa anarudi kwao. Nyavu nilizouza dukani mwaka mzima zimeishia humo. Sijutii.

Jumamosi tarehe 18 naenda Nyamuswa kujitambulisha kwa mzee Alfonsi, baba yake Hyasinta. Mzee ni kamanda wa sungusungu. Mwaka jana wezi wenye bunduki walimswagia ng'ombe kumi na mmoja, na tangu hapo anasema binti yake ataolewa na mwanaume anayeitikia yowe la wezi. Nitaitikia! Nitakuwa wa kwanza! Mpinzani wangu ni Thadeo, bwana mifugo wa Butiama. Ana baiskeli. Tena ya serikali!

Jumanne, 7 Juni

Nimeenda gereji kwa Burito, Iringo. Kasema bomba la zamani halichomeleki tena, chuma cha aina ile kikipasuka ndiyo basi. Kuna jamaa wa Sirari, mpakani, Lukas, analeta vipuri kutoka Nairobi kila Ijumaa siku hizi biashara ilivyolegezwa. Tutachagua kwake.

Nimemuuliza Burito ni mabomba gani yanalia zaidi. Kaniuliza nataka gari au ngoma. Fundi mzuri, lakini haoni mbali.

Ijumaa, 10 Juni

Lukas kaja, katandaza gunia chini, kaweka seti mbili.

Ya kwanza mabomba mafupi, membamba, yanaungana mawili mawili kisha yanakuwa moja. Matundu ya bolti yanalingana na yetu, na sailensa ya kuzima kelele inabaki palepale. Burito kaingia nayo mvunguni mwa gari, katoka anatabasamu. Ya pili ni mabomba manne marefu, manene, yanakwenda kukutana chini ya miguu ya abiria. Matundu hayalingani hata kidogo. Lukas kaapa kwa jina la mama yake kwamba yametoka kwenye gari la mashindano. Moja lina kovu la jiwe. Nimelipenda sana lile kovu.

Burito kanihubiria nusu saa. Injini ndogo ukiipa mabomba manene inapoteza nguvu mlimani. Yakiwa marefu hivyo yatagonga mawe ya barabara ya Nyamuswa. Na kwa kuwa hayaachi nafasi ya sailensa, nitasikika mbali. Hapo nikamkatiza. Mbali wapi? Kasema kwa upepo mzuri, vijiji viwili.

Nimechukua marefu.

Jumatatu, 13 Juni

Yamefungwa! Burito katoboa matundu mapya, kaziba mianya kwa gasketi aliyokata mwenyewe, huku anaguna. Kanionya kwamba hewa itapenya pale kwenye maungio, na kila nikiachia mafuta ghafla gari itapiga mshindo. Nimemwambia mshindo ni nyongeza ya bure.

Tumewasha. Wazee wa bao wa Iringo wamesimama wote kwa pamoja na kete zikamwagika. Mmoja alikuwa karibu kushinda, kanitukania ukoo. Kwenye mwinuko wa kwenda hospitali mtu wa baiskeli kanipita, kweli. Lakini alipita ameziba sikio moja! Nahesabu kuwa nimeshinda.

Jumatano, 15 Juni

Nimempitia Hyasinta ofisini, pale anapopiga chapa. Kakataa kupanda. Kasimama kwenye dirisha la gari, kasema nisiende kwao na kitu hiki. Baba yake tangu wale wezi anarukaga hata mlango ukigongwa. Nipande basi, nikae, niongee taratibu, mengine nimwachie shangazi yangu. Thadeo alikujaga kwao kimya kimya, akatibu ndama siku nzima, hakusema maneno kumi. Kasema anataka mwanaume atakayemsikia.

Nikamjibu: Nini? Injini ilikuwa inanguruma. Kaondoka.

Nimemwelewa lakini. Anamhurumia Thadeo, hataki nimfunike mno. Moyo mzuri alio nao! Ndiyo maana nampenda mpaka nakosa usingizi. Shangazi Marcelina amekubali kuwa mshenga wangu. Hajaiona gari.

Jumamosi, 18 Juni

Niandike kwa utaratibu.

Tumeondoka Musoma saa mbili asubuhi. Kufika Bunda shangazi amevua viatu na miguu iko juu ya dashibodi, maana sakafu ilikuwa inamchoma. Kaniambia gari yangu inaongea kuliko mshenga. Kisha mteremko wa mwisho kabla ya kwa mzee. Nikaachia mafuta ili tushuke kwa madaha. Pa! Pa-pa! Kwenye kioo nikaona vumbi limetanda nyuma. Raha!

Uani kwa mzee hakuna kiti wala kibuyu. Kuna wanaume zaidi ya mia, mishale, marungu, filimbi. Yowe limepigwa! Nikatoa shikamoo kabla sijazima gari, mzee akaona mdomo tu unacheza. Akaniuliza nimeona nini huko nilikotoka, kwa sababu bunduki zimelia upande wa Bunda sasa hivi. Mungu wangu, bahati gani hii! Nikasema nimeona vumbi zito nyuma yangu. Na kweli nililiona. Nikasema gari ipo, twende tuwakamate! Macho ya mzee yakang'aa. Akaniita mwanangu. Mwanangu! Shangazi akashushwa, akaachwa anapepea nyayo.

Vijana watatu wenye mishale wakajibana nyuma, mzee akakaa mbele. Tukatoka mbio. Mteremkoni: Pa! Mzee akainama akapiga kelele kuwa wanapiga, wako karibu. Nikakanyaga mafuta. Kijiji cha kwanza nao wamepiga yowe, wanasema risasi zimelia kule tulikotoka. Tukageuza. Pa-pa! Kijiji cha pili wanasema hivyohivyo, kule mlikotoka. Tukageuza tena. Wezi wana mbio ajabu! Kila tukifika, wako nyuma yetu.

Mara ya tatu ndipo nikashuku. Nikaachia mafuta kidogo, kujaribu tu. Pa. Nikakanyaga, risasi zikanyamaza. Nikaachia. Pa. Jasho likanitoka mgongoni mpaka kiti kikalowa. Mzee pembeni yangu ananisifu, ananipiga bega, anasema mkwe jasiri kama mimi hajapata kumwona. Mtu angesema nini? Nikanyoosha kidole, nikapaza sauti: Wanaelekea Serengeti!

Tukaenda kilomita saba kuelekea Serengeti. Mwinuko ulipoanza, Kapri ikabaki inanguruma bila kwenda, na wanaume wa vijiji vitatu wakatufikia kwa miguu.

Thadeo naye aliitikia yowe, na alikuwa ametupita mwinukoni. Amesimama na baiskeli yake, upinde mgongoni, wala hahemi. Akainama akaangalia chini ya gari. Akaniomba, kwa adabu kabisa, nikanyage mafuta halafu niachie. Nikamwambia mafuta yako karibu kuisha. Mzee akasema, Kanyaga. Nikakanyaga. Akasema, Achia.

Pa!

Mama mmoja aliyebeba kuni akaanza kucheka, na wanaume wakafuata, wengine mpaka wakakaa chini na marungu yao. Vijana wa kiti cha nyuma walicheka kuliko wote. Mzee hakucheka. Hakuniita mwanangu tena. Akashuka, akafunga mlango polepole, akarudi kwa miguu.

Jumapili, 19 Juni

Hukumu ya sungusungu imetoka baada ya misa. Kutoa watu nyumbani bure: fahali mmoja, achinjwe, walioitikia yowe wale nyama. Sina fahali. Wamechukua mabomba mpaka nitakapompata. Thadeo kayafungua kwa mkono wake, bolti zote, hakuharibu hata moja. Hilo ndilo limeniudhi zaidi.

Kapri imevutwa na maksai wanne hadi senta ya Nyamuswa. Kimya kabisa. Mzee kasimama kuangalia, akasema sasa ndiyo inatembea vizuri.

Hyasinta kaja na basi la asubuhi. Alitembea pembeni ya dirisha langu mpaka senta, na nilisikia kila neno. Alisema aliniambia. Alisema baba yake jana hakula, alikaa mlangoni na upinde, kama siku ile ya ng'ombe. Hakusema kwa hasira, na afadhali angekasirika. Nilitokwa na machozi. Shangazi kawaambia watu ni vumbi.

Jumatano, 22 Juni

Hyasinta kapita dukani mwenyewe, kaniambia uso kwa uso. Amekubali kuolewa na Thadeo. Amechagua yeye, si baba yake. Ndoa ni Agosti. Nimealikwa, ila nimeombwa sana nije na basi.

Na kuhusu fahali, nimesamehewa. Mabomba yangu wameyatundika nje ya ofisi ya kijiji, mahali pa ile ringi ya tairi waliyokuwa wanagonga yowe likipigwa. Mzee kayajaribu kwa kipande cha nondo. Sauti imefika vijiji viwili. Anasema hajawahi kupokea faini nzuri kama hii.

Hyasinta alipoondoka nilikaa juu ya robota la nyavu nusu saa, sikuweza kuuza. Kisha nikafikiri vizuri. Vijiji viwili! Yaani kila akienda kuwasalimu wazazi, kila mkutano, kila yowe, Hyasinta atanisikia mimi. Thadeo atasikika kwa kitu gani? Kengele ya baiskeli?

Nimeenda Iringo, ambako lori lilileta Kapri jana. Burito alikuwa ameniwekea yale mafupi, kayasafisha na kuyafunga kwenye gazeti. Yanaingia bila kutoboa tundu hata moja. Kasema yako tayari leo jioni, na nitasikia hata mtu aliyekaa nyuma akipumua. Kaniuliza kama sasa nimeelewa. Nimemwambia nimeelewa kabisa: kosa lilikuwa gasketi.

Maharusi hawawezi kuongozwa na baiskeli, lazima pawe na gari mbele. Nimempigia Lukas simu Sirari. Anayo mengine marefu, manene zaidi, hayo nayo kaapia mama yake. Anasema yanafika vijiji vitatu.