Mpini wa Tereza

Jumatatu, 8 Juni

Okomo! Kama umefungua tena daftari hili, lifunge. Mume wa ndoa ya miaka arobaini na tatu, huna haya? Ukurasa wa juzi una alama ya kidole chenye mafuta ya dagaa. Dagaa wangu nyumba hii anadokoa nani kabla hawajaiva? Funga. Nenda kashone nyavu zako.

Sasa niandike. Leo mimi na Tereza tumeitwa kwenye kiwanja cha gofu. Miaka sita tunauza chai na chapati nje ya uzio, yeye kushoto, mimi kulia. Wamejenga banda ndani. Lina bati jipya, sinki na bomba. Banda moja tu! Katibu wao, Odongo, amesema hawezi kuchagua kati yetu, tutammaliza kwa maneno. Basi Jumapili, siku ya familia za wanachama, kila mmoja wetu atapiga vipira vitano kuelekea shimoni, hatua sita. Atakayeingiza vingi ndiye mwenye banda.

Wanachama walicheka. Mimi sikucheka. Mvua za masika zimezima jiko langu mara ngapi? Na haya magoti ya miaka sitini na nane yamechuchumaa mavumbini kiasi gani? Banda ni langu.

Jumanne, 9 Juni

Nimeenda kwa Kishore, Mirongo. Ana duka la spea za baiskeli, na nyuma ya duka hutengeneza fimbo za gofu. Naye ni mwanachama. Kajitolea kututengenezea, mimi na Tereza, kila mtu yake. Aliniamkia shikamoo. Kichwa chenyewe cheupe kama pamba, lakini niliitika marahaba. Heshima haikataliwi.

Akasema kila mkono una mpini wake. Nikamwambia nimeshika jembe kabla hajaota meno, asinifundishe mimi mpini. Akatoa futi ya kunipima. Niliruka nyuma! Mtu wa mwisho kupimwa nyumbani kwetu ni mama mkwe, na aliyempima alikuwa fundi wa majeneza.

Akaomba radhi, akairudisha futi mfukoni. Akachora mstari wa chaki sakafuni, nikapiga vipira juu yake. Akainama, akatazama. Akasema mkono wangu unazunguka kidogo, kama mlango kwenye bawaba. Nikamjibu huo ni mkono wa ufagio, umesomesha watoto saba. Akasema sawa kabisa, mkono unaozunguka unataka mpini ulionyooka, unaoingia pembeni mwa kichwa cha fimbo. Na kwa kimo changu, uwe mfupi.

Kimo changu! Mfupi!

Jumatano, 10 Juni

Fimbo imekuja. Nimelaza kikombe uani. Vipira kumi, vimeingia saba! Okomo kwenye kigoda chake akasema fimbo na mimi kama tumezaliwa siku moja. Mimi Apiyo nimezaliwa na pacha, najua maneno hayo yana uzito. Nikamkaangia yai.

Furaha ilidumu mpaka alasiri. Tereza akapita na yake. Mpini mrefu huo! Unang'aa, na karibu na kichwa una kona, kama shingo ya korongo. Nikamuuliza kwa upole kwa nini yeye kapewa mrefu. Akasema, “Si kwa sababu mimi ni mrefu, Mama Ajwang.” Kama mtu anayekwambia jua limechomoza. Na eti Kishore kamwambia mkono wake huenda na kurudi palepale, kama msumeno, ndiyo maana kapewa wenye kona.

Mimi mlango, yeye msumeno. Mlango unamtisha nani?

Alhamisi, 11 Juni

Nimeenda kwa Tereza, Mabatini, kuazima ungo. Nyungo ninazo, tena tatu. Nikachungulia penye tundu la bati. Vipira vitano, viliingia vinne! Mwanamke asiyejua hata kugeuza chapati. Ni mpini ule!

Nikabisha hodi. Nikamwonya kwamba mpini mrefu huleta kiuno, binamu yangu wa kule Rorya hadi leo anatembea ameinama. Nikamwambia kwa kumhurumia niko tayari tubadilishane. Akasema ahsante dada. Akanipa ungo. Akanisindikiza mpaka barabarani.

Sasa nina nyungo nne. Na nimepata habari: Jumapili alfajiri Kishore atapita kuzikusanya fimbo zetu, aziweke bandani mapema. Mimi nitakuwa mapema zaidi.

Jumamosi, 13 Juni

Sabato. Sikuigusa fimbo. Niliitazama tu, kutazama si kazi. Mchungaji kahubiri amri ya kumi, usitamani mali ya jirani yako. Mahubiri mazuri sana! Niliitikia amina mpaka mama wa mbele akageuka. Nilisikitika tu kwamba Tereza ni Mkatoliki, hakuwepo kusikia.

Jumapili, 14 Juni

Saa moja asubuhi nilikuwa pale. Fimbo mbili zimeegemea ukuta wa banda. Nikashika ndefu.

Tereza alipofika akauliza kama ile si yake. Nikamjibu fimbo haina cheti cha kuzaliwa. Watu wakacheka. Kishore akajikuna kichwa. “Mama, mkono wako utagombana na huo mpini.” Nikamwambia ugomvi wa nyumbani kwangu hauhitaji msuluhishi.

Nikasimama mbele ya watu wote na gauni langu la kwaya. Ncha ya mpini ikanichoma tumboni. Nikaupitisha kwapani. Kipira cha kwanza, kushoto. Cha pili, kushoto. Cha tatu nilikikaripia kabla ya kukipiga, kikapita katikati ya miguu ya Odongo. Cha nne kikaingia! Nikapiga kigelegele. Kumbe ni shimo la jirani. Cha tano sitakiandika.

Tereza akaichukua fupi. Akainama, kiuno kikakataa. Akainuka. Mimi nikaanza kuchagua pa kuweka jiko. Ndipo akakunja kitenge, akapiga magoti kwenye majani kama yuko mbele ya altare. Mpini ukawa kimo chake kabisa! Nikapinga kwa sauti. Odongo akafungua kitabu cha sheria, akafunua, akafunua. Akasema hajaona palipokataza magoti.

Viliingia vitatu. Banda ni la Tereza mpaka Desemba, ndipo tutashindana tena.

Akaja kunishika mkono. Akasema, “Dada, njoo tukae wote humu. Chai yangu, chapati zako. Zangu zinakuwa kama soli.” Bomba lilikuwa linatiririka nyuma yake. Maji ya baridi, masafi. Nikamwambia mimi si mpishi wa mtu. Kesho narudi nje ya uzio. Upande wa kulia. Na wa kushoto sasa, maana umebaki mtupu.

Lakini nimekaa, nimefikiri, na kosa nimeliona. Si mkono wangu. Mkono wangu ni mzima. Mpini mrefu ndio ulionidanganya. Siri yote iko kwenye ufupi! Tereza alipiga magoti. Magoti yangu hayapigiki. Sawa, lakini kulala naweza. Odongo ajiandae kufunua kitabu chake.

Okomo, najua utafika hapa. Nawa mikono kwanza. Kesho kabla ya chai uende kwa Kishore, umwambie aukate mpini ubaki urefu wa mwiko wa ugali. Mwambie nitapiga nikiwa nimelala kifudifudi. Na asithubutu kuja na futi!