Kufuli Isiyosahau ya Bwana Mkurugenzi

Serikali ina furaha kuwatangazia wananchi kwamba, kuanzia Jumatatu iliyopita, sumaku zote za Kitale zimewekwa chini ya utawala wa sheria. Hakuna tena kuvuta chuma kiholela. Nasema haya nikiwa Katibu wa Kamati ya Nidhamu ya Sumaku, cheo ambacho hata mama mkwe wangu ameanza kukiheshimu.

Sifa zimwendee Mkurugenzi wetu, Bwana Gicheru, anayesimamia mashine ya serikali ya kukausha mahindi. Kila mavuno wakulima humvamia ofisini, na mtu wa cheo chake hawezi kufanya kazi watu wakimletea kazi. Basi tukamwagiza mtaalamu Jepkoech, wa maabara moja huko Bungoma, atutengenezee kufuli ya kisasa.

Alileta kitu chembamba kuliko ganda la kitunguu.

"Hapa kuna ngozi mbili zimebebana," alieleza. "Moja inasikia stima, ingine ni sumaku. Ukigusa ya kwanza na stima kidogo tu, inageuza ya pili, mlango unafunga. Ukigusa tena, unafungua."

"Na stima ikipotea?" nikauliza.

"Inakaa vile uliiacha. Haisahau. Lakini mkubwa, hapo ndio kuna..."

"Safi sana," akasema Mkurugenzi. Maelezo ya ziada huwa tunawaachia wenye muda.

Siku ya uzinduzi mvua ilinyesha. Nyaruai, mkulima wa Tongaren, alifika na wenzake wakiwa na trela la mahindi mabichi.

"Mkubwa, hii imeanza kuvunda!" alilia. "Ndio chakula yetu mpaka mwaka ujao. Si ufungulie tu hiyo mashine?"

Mkurugenzi akaingiza kamati nzima ofisini, akabonyeza kitufe, mlango ukajifunga. Kisha akatumia mbinu yetu ya kila siku: alimpigia bawabu Cheruiyot azime swichi kuu, wakulima waambiwe stima imepotea na ofisi haiwezi kufanya kazi.

"Usiwashe mpaka waondoke wote," aliamuru. "Hata mimi nikikupigia, kataa. Siku hizi watu wanaiga sauti."

Wakulima hawakuondoka. Jioni mjumbe mmoja, aliyeishambulia sana chai ya uzinduzi, akaomba kutoka. Mkurugenzi akabonyeza kitufe. Kimya. Bila stima hakukuwa na cha kuigeuza sumaku, nayo ikatulia kwa nidhamu ile ile tuliyoitafuta. Madirishani kulikuwa na vyuma, na pembeni chungu kimoja tu cha maua.

"Cheruiyot, rudisha stima!" Mkurugenzi akaamuru kwa simu.

"Siwezi, mkubwa. Uliniambia hata wewe nikukatae."

"Lakini ni mimi!"

"Wewe ndio ulisema watasema hivyo."

Nyaruai akasogea mlangoni. "Sisi hatuendi na mahindi mabichi, bana. Ufunguo ya mashine iko wapi?"

"Suala hilo lazima lipitie kwa kamati," akajibu Mkurugenzi.

Kamati ilikuwa imekunja miguu. Ilipitisha azimio kabla sijafungua kalamu, na ufunguo ukapita chini ya mlango. Mashine, inayotumia dizeli, ikaanza kunguruma. Mtu wa cheo changu hatakiwi kufurahi, lakini nilifurahi.

Nyaruai na wenzake waliondoka kumekucha, gunia la mwisho likiwa kavu. Hapo ndipo Cheruiyot akawasha stima.

Wananchi wanajulishwa kwamba kikao kilirefushwa kwa hiari ya wajumbe wenyewe, na kwamba Mkurugenzi atanunuliwa chungu kingine cha maua.