Mstari Ulioteremka Kutoka kwenye Nukta Yangu

Mabwerebwere, Kilosa
9 Agosti 1994

Kwa Bibi Shamba Agatha,

Marahaba mwanangu, maana najua ukiona jina langu utaniamkia kwanza. Baada ya hapo, nalalamika.

Ile karatasi uliyobandika ukutani mwa ofisi yako ya kilimo, ekari zimepangwa chini, magunia ya mahindi yamepanda pembeni, na kila mkulima kawa nukta moja, mwanzoni niliipenda. Nukta hazina majina. Nilikuwa nawaonyesha watu ile ya juu kabisa, nawaambia, "Mimi huyo." Juzi ukachukua rula.

1. Umeteremsha mstari kutoka kila nukta hadi kwenye ekari, na mwingine umeupeleka kwenye magunia. Wangu umeangukia ekari nane, gunia tano. Mabwerebwere nzima mwenye ekari nane ni mimi peke yangu. Si ungeandika jina tu?

2. Hukutosheka. Ukapitisha mstari wa mshazari katikati, eti wastani, gunia mbili kila ekari, mimi nikabaki chini yake kama kuku mvunguni. Na Jumamosi tunachagua mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima, nami nagombea! Filomena muuza vitumbua sasa ananiita "Mzee Chini ya Mstari." Wateja wanacheka, na hao ndio wapiga kura.

3. Aliyeunyanyua mstari huo ni Sendeka, yule mfugaji, ambaye naye anagombea. Ekari moja, gunia kumi na tano. Samadi yote ile! Na ng'ombe wake wanashinda ndani ya ekari zangu. Mtu akulie shamba, halafu akupandishie na wastani, hilo ndilo soko huria?

Kwa hiyo naomba ufute mistari yote. Ikishindikana, futa nukta ya Sendeka. Ikishindikana na hiyo, wastani uupitishe chini yangu. Nafasi ipo, nimepima kwa kiganja.

Nisalimie baba, mama, na yule mlinzi wa ofisi aliyeninyima kifutio.

Wako katika jembe,
Mzee Lupakisyo

N.B. Mke wangu Odilia ameisoma barua hii, kacheka mpaka kakaa chini. Anasema ekari nane nilikutajia mwenyewe kwa majivuno. Zangu ni mbili, na sita ni malisho ya Sendeka. Nimepiga hesabu upya: ekari mbili, gunia tano, niko juu ya mstari! Usifute kitu. Hamisha nukta yangu kabla ya Jumamosi, na mstari wake uuchore mnene, kwa wino mwekundu. Zile sita mrudishie Sendeka hapo kwenye karatasi, tuone na yeye wake utaangukia wapi.