Askari, Stoo na Mgeni wa Asubuhi

Jumatatu, 4 Machi

Nimeshambuliwa. Naandika haya kwa utulivu mkubwa, ingawa chai imemwagikia kibodi.

Wiki iliyopita niliiwekea blogu yangu, Jicho la Mtaa, plagini mbili, yaani programu ndogo za kuongezea. Ya kwanza ni ya ulinzi. Nimeibatiza Askari. Ya pili inatunza nakala ya kila ukurasa, ili mgeni akija apewe iliyo tayari, asisubiri kutengenezewa upya. Hiyo naiita Stoo. Stoo aliniuliza nakala zikae muda gani kabla ya kubadilishwa: saa moja, siku moja au daima. Nikachagua daima. Sipendi vitu vya muda.

Leo Askari kaleta taarifa. Kuna anwani moja ya mtandao imefungua ukurasa wangu wa mbele tangu alfajiri, tena na tena, bila kupumzika. Mtu mwenye akili timamu hawezi kusoma makala ya mtaro ulioziba mara zote hizo. Hata mimi niliyeiandika nilichoka. Huyo ni mdukuzi!

Namjua. Ni Fundi Simu wa pale kona, mwenye blogu ya matokeo ya mpira na picha za harusi za watu. Wasomaji kibao. Mimi naandika mambo mazito, na ananionea gere.

Mke wangu kauliza mdukuzi ataiba nini hasa. Yeye yuko mapokezi ya zahanati, analipwa kila mwezi. Hawezi kuelewa.

Jumanne, 5 Machi

Kaja tena. Alfajiri ileile, anwani ileile.

Jambo la pili la ajabu. Jana niliandika makala kali kuhusu Mwokaji na mikate yake inayosinyaa. Nilitegemea atoe povu. Leo nimekutana naye, kanisalimia vizuri, kauliza hali ya watoto! Ameogopa, bila shaka. Au wamekula njama na Fundi Simu.

Dada yangu kapiga simu. Mzee wetu atapasuliwa jicho wiki ijayo, mtoto wa jicho. Akaniomba niende kumwona. Nimemkumbusha kwamba Mzee mwenyewe ndiye aliyenionyesha mlango. Kazi ya idara ya maji aliniombea yeye, kwa kuwapigia watu magoti. Nilipoiacha ili niandike, alisema nimemwaga unga kwa mikono yangu mwenyewe. Tangu hapo mwaka mzima hatujasemezana. Yeye kanuna, mimi nimenuna. Hajui hata kwamba nina blogu.

Dada kasema tumefanana mpaka kununa. Akakata simu.

Jumatano, 6 Machi

Nimechoka kuonewa. Leo nimemfungia.

Askari anaruhusu mwenye blogu aandike ujumbe wa kumwonyesha aliyefungiwa. Wenzangu huandika samahani. Mimi nimekaa asubuhi nzima nikitafuta maneno, na haya ndiyo niliyoyaweka: "Tunakujua wewe ni nani. Umetuaibisha vya kutosha. Hapa si kwako."

Mke wangu kayasoma, akasema ni makali mno, labda mtu kakosea tu. Nikayafikiria maoni yake kwa heshima zote. Kisha nikaongeza: "Usirudi tena."

Nimempa vidonge vyake. Leo nakula kwa raha.

Alhamisi, 7 Machi

Kimya! Alfajiri hakuna mtu. Nimeshinda.

Nikapita kwa Fundi Simu makusudi, nimuone alivyonywea. Wapi! Kanikaribisha kiti. Kauliza kama nilikuwa naumwa, maana wiki nzima sijaandika kitu. Siandiki? Mimi? Kanionyesha simu yake. Makala ya mtaro bado iko juu kabisa. Nami nikamwonyesha ya kwangu, ya mikate iko juu, inang'aa. Eti hiyo ni kwa sababu mimi mwenye blogu nimeingia kwa nywila, kwa hiyo naona mapya. Wageni wote wanapewa nakala za zamani. Eti nimwage Stoo yote, halafu nipunguze muda.

Nilimcheka mpaka mteja wake akageuka. Nipokee ushauri wa adui? Mimi si mtoto.

Jumamosi, 9 Machi

Dada kaja mwenyewe. Hakuvua hata viatu.

Mzee amekataa kupasuliwa. Amegeuzia kiti ukutani. Simu kaitia kwenye droo. Anasema aliyoyaona yanamtosha, hana haja ya macho mengine. Dada anataka kujua nimemfanya nini.

Nimefanya nini? Sijamwambia neno mwaka mzima! Mke wangu kasema polepole kwamba hilo nalo ni jambo.

Ndipo Dada akaeleza. Kila alfajiri, kabla ya chai, Mzee alikuwa na kawaida ya kusoma kitu kwenye simu. Anakuza herufi mpaka ziwe kama ngumi, simu ameibandika puani. Hakumwambia mtu anasoma nini. Tangu Alhamisi ameacha.

Alfajiri. Tangu Alhamisi.

Mke wangu alinitazama, nami nikatazama sakafu. Kesho nakwenda.

Jumapili, 10 Machi

Nilipiga moyo konde, nikaenda. Chumba ni kilekile. Redio, chupa ya dawa ya macho, ile picha ya Mama iliyopinda. Mzee hakugeuka. Nikamwamkia. Akaitikia ukutani.

Kisha kafungua droo, kanipa simu. Maneno yangu yalikuwa pale pale, kwa herufi zile kubwa. Kwa herufi kubwa yalikuwa mabaya zaidi.

Mzee kasema hakuja kwenye blogu kudai chochote. Ana swali moja tu. Hao "sisi" aliowaaibisha ni akina nani, maana yeye alidhani naandika peke yangu.

Nilikosa pa kuuficha uso. Nikamweleza yote, mdukuzi, Fundi Simu, Askari. Akasikiliza. Kisha naye akanieleza. Amekuwa akinisoma tangu siku ya kwanza. Blogu alionyeshwa na jirani. Ghafla wiki ile anaona mtaro tu. Kesho yake mtaro. Akajua nimeugua. Kunipigia hakuweza, maana alijua bado nimenuna. Basi akawa anabonyeza, na kubonyeza, aone kama nimeamka nikaandika.

Nililia. Naandika haya hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Mtu mzima, mbele ya baba yangu, kamasi na machozi. Kanipa leso yake. Akaongeza kwamba makala ya mtaro ni ndefu mno.

Nikamfungulia. Nikamwaga Stoo. Makala zote zikatoka kwa pamoja! Mzee kasoma ile ya mikate, kacheka sana mahali ambapo mimi sikuweka kichekesho.

Amekubali kupasuliwa. Ana sharti moja. Bandeji ikitolewa, kitu cha kwanza anachotaka kukisoma kwa jicho jipya ni maandishi ya mwanawe. Nimemwapia kwamba atayakuta.

Jumatano, 13 Machi

Mzee kapasuliwa leo. Salama kabisa. Mke wangu kaimba jikoni.

Mwokaji kaacha kunisalimia. Blogu inafanya kazi!

Nimemwandikia Mzee makala, "Jicho la Baba Yangu". Nimeiandika upya mara nyingi. Itatoka bandeji ikitoka.

Lakini nimewaza. Zamani nilikuwa nalinda mtaro. Sasa nina msomaji wa kulindwa, mgonjwa, ambaye hafai kukutana na mdukuzi hata mmoja. Basi nimempandisha Askari daraja la juu kabisa. Anayebonyeza zaidi ya mara mbili anatupwa nje papo hapo, hana rufaa. Anayeruhusiwa kubonyeza apendavyo ni mmoja tu, anwani ya nyumbani kwa Mzee. Na Stoo nimemrudisha kwenye daima, maana ukurasa ukichelewa kufunguka, jicho bichi litachoka kusubiri.

Fundi Simu kapita kunipa pole ya mgonjwa. Nikamweleza mpango. Kashika kichwa. Eti anwani ile ni ya nyumba, siyo ya mtu. Mtu akihama na simu yake, anakuwa na anwani nyingine. Nimemwambia baba yangu hana tabia ya kuhamahama.

Bado ananionea gere, maskini.

Ijumaa, 15 Machi

Siku kubwa. Naandika nikiwa nimevaa shati la kutokea.

Jana jioni Dada kaleta ujumbe. Bandeji imetoka! Mzee anaona hadi sisimizi. Dada amemchukua akae kwake kwa muda, ili amtie dawa ya matone kwa saa zake. Mzee ananisalimu sana. Kalala mapema, simu kaiweka chini ya mto, tayari kwa asubuhi.

Alfajiri nimeitoa makala. Kwangu inaonekana vizuri mno. Nikaketi mbele ya taarifa za Askari, mikono mapajani, kuisubiri anwani ya nyumbani kwa Mzee.

Haikuja. Wagonjwa hulala sana.

Lakini ona ushenzi wa watu! Saa ileile, siku ya leo ya leo, imezuka anwani ngeni kabisa. Inabonyeza. Inabonyeza tena. Mara ya tatu Askari hakuuliza, kamtupa nje. Na safari hii nilikuwa nimejiandaa, ule ujumbe wa zamani niliona una huruma mno. Huu mpya unasema: "Hata ukija kwa njia nyingine tutakutambua tu. Huna mtu wako hapa."

Mke wangu kapiga kelele kutoka chumbani kwamba simu yangu inaita, ni Dada. Nimemwambia aiache, nina kazi.

Sasa pametulia. Namsubiri Mzee.