Koleo la Nyama na Madumu Manne

Jumatano, 3 Septemba

Nimepata! Jamani, nimepata! Nilikuwa namenya viazi, akili ikafunguka yenyewe.

Miaka mitatu namenya viazi. Kundi letu la magari lina sheria moja tu. Kila Septemba tunapanda mlima kwenye shamba la njia mbovu, nje kidogo ya mji wa Rustenburg. Atakayekwama akavutwa kwa kamba anatengeneza saladi ya viazi mwaka mzima. Mwenye koleo la kugeuzia nyama choma akikwama, linahamia kwa aliyepita. Wote wakipita, koleo linabaki kwa aliyenalo.

Aliyenalo ni Tshenolo. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu Keneilwe. Kabla hajagusa nyama hulibana hewani mara mbili, ka-ka! Watu wazima wananyamaza. Mimi nimesimama pembeni na bakuli. Ananipa shingo ya kuku, halafu anauliza kama nimeshiba. Mshenzi!

Kwa hiyo mimi kupita hakutoshi. Lazima yeye asipite. Mwenye koleo hupanda wa mwisho. Mimi nitapanda wa kwanza, nyuma ya pikapu madumu manne ya maji, bomba wazi. Mlima utakuwa utelezi mtupu. Safi sana!

Alhamisi, 4 Septemba

Nimejaribu bomba mbele ya geti. Maji yanatoka vizuri. Vizuri mno. Jirani kateleza na mkate wake. Nimemwambia ni bomba la mtaa limepasuka, akaenda kuwapigia simu manispaa.

Tshenolo naye kaja kuazima pampu. Macho yake moja kwa moja kwenye madumu. Akauliza ya nini. Ya kunywa, nikamjibu. Akashangaa, lita mia kwa safari ya asubuhi moja? Nikasema daktari kanishauri. Basi uso ukamlegea kwa huruma, akamnong'oneza Keneilwe aniangalie figo. Kicheko kikanibana, nikakimbilia chooni. Nikamsikia huko nje akisema, "Unaona sasa?"

Sijalala kwa furaha.

Jumamosi, 6 Septemba

Siku ya siku!

Magari matano getini, kila moja na redio koli yake ya kuongelea, kila mtu amechuchumaa anapunguza upepo wa matairi. Kiingilio tumelipa, tena kwa tabasamu, ili tupite makorongo ambayo kwetu tunamtukania diwani. Anga bluu. Vumbi tamu. Nikaimba njia nzima. Keneilwe akaniuliza nina nini leo. Nikasema hewa safi.

Mlima wenyewe unaitwa Mama Mkwe, maana haumpendi mtu. Nikaomba kuanza. Mwenyekiti wetu, Bwana Moiloa, au Rra Moiloa kama tunavyomwita, akasema tangu lini mimi nikawa jasiri. Wakacheka. Chekeni tu!

Nikafungua bomba kimyakimya, nikaweka gia nzito, twende! Pikapu ikaunguruma, mawe yakaruka, Keneilwe kashika mlango kwa mikono miwili. Katikati ya mlima akauliza ni nini kinachotiririka. Sikuweza kujizuia. Nikamweleza mpango wote, toka viazi mpaka figo. Nikaongeza kwamba kaka yake leo ataoga tope mpaka masikioni. Nikapiga usukani kwa raha, mguu ukasahau mafuta.

Gari likazima.

Likarudi nyuma. Likateleza kwenye maji yangu, likageuka ubavu, likatua kwenye shimo la tope. Tope langu mwenyewe! Nikajiinua kidogo, ndipo ikasikika sauti chini ya makalio yangu. Rra Moiloa, akicheka hadi anakohoa. Akaniomba nisiikalie redio koli, nilikuwa nimebana kitufe, magari yote yamenisikia tangu mwanzo. Hata wimbo.

Tshenolo huyo, anapanda kwa miguu, kamba begani, anang'aa. "Shemeji, figo zinaendeleaje?"

Nikamwambia asisogee. Nikakanyaga mafuta. Tairi zikachimba. Nikakanyaga tena, tope likamjaa yeye kifuani, hilo angalau nililifurahia, lakini tulizidi kuzama. Akainama kufunga kamba. Mwaka wa nne wa viazi ulikuwa sentimita chache kutoka kwenye ndoano yangu. Machozi yalinilenga, sioni aibu kuandika.

Keneilwe akavua viatu. Akashuka. Akamwambia kaka yake toa kamba yako. Akamwaga maji yote yaliyobaki ili gari liwe jepesi, akasukumia mazulia ya gari chini ya tairi, akaniambia shuka, akakaa kwenye usukani. Akarudi nyuma polepole, akashika ukingo wa kushoto wenye majani makavu. Juu! Bila kusimama! Mimi nilibaki chini na Tshenolo, wote wawili tunapiga kelele kama wehu.

Wengine watatu wakafuata njia yake. Tshenolo akakataa. Yeye hafuati njia ya dada yake mdogo. Akapita katikati. Akazama mpaka kwenye milango! Nilicheka nikakaa chini. Keneilwe ndiye aliyemvuta, kwa kamba ile ile yake.

Uamuzi wa Rra Moiloa: koleo kwa Keneilwe. Saladi kwa Tshenolo, amevutwa. Saladi kwangu pia, maana mwenye tope ni mimi. Nikapinga kwamba mimi sikuvutwa. Akasema ni kweli, nimetolewa na mke.

Bakuli moja, wanaume wawili. Tumegombana kuhusu vitunguu. Keneilwe akabana koleo, ka-ka, akanipa ubavu wa kwanza wenye mafuta. Mzuri yule mwanamke!

Jumapili, 7 Septemba

Kanisani habari imeshafika kwamba koleo liko nyumbani kwetu. Mchungaji kaniuliza nani alimfundisha Keneilwe kuendesha hivyo. Nikafikiri. Nani alikuwa kwenye kiti cha pembeni yake siku zote? Nikamjibu, ni mimi.

Akafurahi sana. Kwaya wanatafuta matembezi. Basi dogo la kanisa ni jipya, viti bado vina nailoni. Nimekubali kuwapeleka kule shambani Jumamosi ijayo, niwe mwalimu na dereva. Akauliza kuhusu mto wa kule shambani. Nimemhakikishia haufiki magotini. Sijauvuka, lakini jana niliuona kwa mbali, na ulionekana mpole kabisa.