Mpira Uliogoma Kuingia Chamazi

Jamani, leo nimedhalilika ukweni. Na ukweni kwenyewe bado sijapokelewa. Ndio kwanza nilienda kujitambulisha!

Naandika kwa haraka, kwa hiyo mkikuta herufi zimepishana nivumilieni.

Kwa wasiojua: mie nina kifuko ndani ya tumbo. Niliugua mpaka madaktari wakautoa utumbo mpana wote, halafu wakatengeneza kifuko kwa kutumia ule mwembamba. Nje kuna tundu dogo tu, chini ya kitovu upande wa kulia, nalifunika na kitambaa. Kifuko kikijaa, naingiza mpira kwenye tundu, uchafu unatoka, nauosha mpira, maisha yanaendelea. Ukinikuta nauza saruji huku Wazo huwezi kujua. Fausta, mchumba wangu, anajua. Wazazi wake hawakuwa wanajua. Nilimwambia tuwaache wanizoee kwanza. (Msiniulize kwa nini. Niliogopa. Nani anampa binti yake mtu mwenye tundu?)

Sasa ishu ya mipira. Ninao wa siku zote, wa silikoni, mnene kama kidole, una matundu makubwa mwishoni. Haujawahi kuniangusha. Ila mfukoni unatuna. Nikajiona nimesimama mbele ya baba mkwe na suruali ya kitambaa, mfukoni kuna kitu kimetuna. Hapana! Nilikuwa na mwingine mwembamba, niliununua duka la vifaa tiba. Muuzaji aliniuliza, "Braza, huu si wa mkojo?" Nikamwambia utafaa. Ulionekana mpole, unakunjika kama tambi. Nikautia mfukoni pamoja na jeli ya kulainishia na kibomba kidogo cha sindano. Ule mnene nikautumbukiza kwenye mkoba wa Fausta, roho itulie tu.

Tukafika Chamazi. Shikamoo baba, shikamoo mama, shikamooni baba wadogo. Wanaume wamejaa sebuleni, timu yao inacheza ugenini, macho yote kwenye runinga. Nikashukuru Mungu. Hakuna wa kunihoji.

Nilimsahau mama mkwe.

"Karibu korosho, baba. Hizi zimetoka shambani kwetu Newala."

Sista Hilda, nesi anayenifuatilia tangu upasuaji, huwa ananiambia kila siku: korosho, karanga, mahindi, tafuna mpaka iwe uji, la sivyo zitaziba mpira. Lakini nyie, mtafunaje huku mnaulizwa ukoo wenu? Nikawa nameza. Sahani ikipungua, mama anaongeza. Nikisema nimeshiba, anasema, "Au huzipendi?" Nameza tena.

Tumbo likaanza kukaza. Nikaomba choo. Kipo ndani, mlango unatazamana na sebule. (Nani alichora hiyo nyumba?) Nimefunga komeo tu, umeme ukakatika! Sebuleni wakalia kama wamefiwa. Bahati kuna kidirisha, mwanga ulikuwepo.

Nikapaka jeli, nikaingiza ule mwembamba. Ukapita vizuri. Yakatoka matone mawili matatu. Kimya. Nikasukuma maji kidogo kwa kile kibomba cha sindano. Hayapandi, hayashuki. Korosho za Newala!

Nikauchomoa. Nikamtumia Fausta ujumbe: leta mkoba. Akaupenyeza mlangoni, ananong'ona, "Uko sawa?" Nikamwambia niko sawa huku jasho linanidondoka puani.

Nikaushika ule mnene, rafiki yangu wa siku zote. Ukagoma. Unafika kwenye valvu ya ndani, ile inayozuia uchafu usitoke wenyewe, unagonga, basi. Nikajaribu tena. Unagonga. Hapo ndipo woga wenyewe ulipoingia. Tumbo gumu kama ngoma. Nikaona kifuko kinapasuka. Nikaona nabebwa kwenye mkeka kupita katikati ya baba wadogo. Nikaona Fausta anaolewa na mwingine mwenye utumbo kamili. Nikakaa sakafuni.

Nikampigia Sista Hilda. Mtandao wa humo chooni mbovu, hanisikii. Ikabidi nipaze sauti.

"Sista, mpira hauingii!"

Akaniambia nitulie, nilale chali, nisilazimishe. "Ukiogopa unakaza tumbo, na valvu inabanwa. Vuta pumzi, itoe taratibu. Wakati unaitoa, ndio usogeze."

Nikalala chali kwenye vigae vya wakwe zangu. Shati jeupe.

"Unagonga tu, Sista! Unagonga unarudi!"

Kule nje nikasikia mtu anasema, "Umegonga mwamba huo!" Sikutilia maanani. Mtu anayekufa hafuatilii maongezi ya sebuleni.

"Ongeza jeli," akasema Sista. "Na ukishindwa kabisa usikae hapo, njoo hospitali sasa hivi. Pumua."

Nikapumua. Machozi yakawa yananiingia masikioni. Nikatoa pumzi, nikasogeza.

"Bado kidogo! Unaingia... unaingia..."

Nje kimya kabisa.

"Umeingia! Sista, mpira umeingia!"

"GOOOOOLI!"

Nyumba ikatikisika. Viti vikaanguka. Watu wakatoka nje wakipiga kelele, majirani nao wakadakia, mtaa mzima ukawa unashangilia. Mie nimepiga magoti kwenye choo, kifuko kinamwagika, nalia kwa furaha, na kwa sekunde moja (msinihukumu) nikadhani wananishangilia mimi.

Mlango ukagongwa. Baba mkwe.

"Mwanangu! Nani kafunga?"

Nikanawa haraka, nikafungua. Wako wote wamejazana pale, wanahema, wanatabasamu. Nikaona macho yao yanashuka kwenye mkono wangu. Mpira ulikuwa bado nimeushika. Unachuruzika maji.

"Si ulikuwa unasikiliza redio kwenye simu?" akauliza baba mdogo mmoja.

Nikawaeleza yote, pale pale mlangoni: ugonjwa, upasuaji, kifuko, tundu, korosho. Fausta akaja akasimama pembeni yangu, akasema, "Ni kweli, baba. Mie nilijua tangu mwanzo."

Nikahesabu ndoa yangu imekufa.

Mama mkwe ndiye wa kwanza kunisogelea. Akanishika bega. "Mwanangu, si ungesema tu? Ningekupikia uji."

Baba mkwe bado anautazama mpira.

"Kwa hiyo..." akasema polepole, "hatujafunga?"

"Hatujafunga, baba."

Akaenda kukaa. Umeme ukarudi baadaye kidogo. Kumbe walikuwa wameshafungwa mawili. Mzee akaiangalia mechi mpaka ikaisha, na majirani wakawa wanapita dirishani kuuliza ni nani aliyeanzisha ule uzushi.

Nimefika nyumbani, Fausta kanipigia. Mama ameshauliza nakula nini na nini siruhusiwi. Baba amesema wazee wangu waje na posa, hana kinyongo na tumbo langu hata kidogo. Ila wasije siku ya mechi.

Haya, chekeni. Ila atakayenipigia leo kuniuliza matokeo, mie na yeye basi.