Mmehamishia Gazeti Mtandaoni, Mkaniachia Mume Mezani

Lemvig, Jutland Magharibi

Kwa Mhariri Mkuu wa gazeti la Lynbladet,
Copenhagen

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na wote mliobaki hapo ofisini. Mimi ni mzima, ila nyumba yangu siyo. Jina langu ni Rigmor Brunsgaard, mpishi mstaafu wa makao ya wazee, na tangu niolewe na Ejnar gazeti lenu limekuwa likiletwa mlangoni kwetu kila asubuhi, hata siku ambazo upepo wa bahari ulitaka kuondoka na aliyelileta. Nimesoma humo talaka za waimbaji, madeni ya wacheza mpira, na habari ya yule nguruwe wa Randers aliyeingia benki. Sijawahi kulalamika. Hata mlipoandika kwamba dunia ingekwisha siku ya Alhamisi, nilipika kama kawaida nikanyamaza.

Pasaka iliyopita mkatutangazia kwamba hamchapi tena kwenye karatasi, kwamba kuanzia sasa Lynbladet litasomwa kwenye simu na vishikwambi tu, na kwamba hatua hiyo "itatuleta karibu zaidi na familia za wasomaji wetu." Ndugu Mhariri, mmekaribia mno. Naomba nieleze kwa utaratibu.

Lalamiko la kwanza ni uso wa mume wangu.

Miaka yote ya ndoa yetu, kati yangu na Ejnar asubuhi kulikuwa na birika la kahawa, jibini, na gazeti lenu likiwa limefunguliwa wima. Upande wangu nilikuwa naona ukurasa wa mbele na vidole vinane vya mume wangu. Nilivizoea vidole hivyo, hata nikavipenda. Mkate ulipita chini ya gazeti, kikombe kikarudi kitupu, na sote tulikuwa watu wenye raha zao. Jumatatu ya kwanza bila gazeti nilimimina kahawa, nikainua macho, nikakuta mzee ananitazama.

"Umekata nywele," akasema.

"Nilikata Krismasi," nikamjibu.

Akafikiri kidogo. "Zimekupendeza."

Wewe ni mtu wa Copenhagen, labda huko wanaume husema mambo kama hayo hadharani. Hapa kwetu mwanamume akifurahi kupita kiasi husema "si mbaya sana," halafu hutoka nje kutazama mawingu. Nilijua moja kwa moja kwamba Ejnar amepata kiharusi. Nikampigia simu daktari wetu. Akaniuliza kama mdomo umekwenda upande. Nikasema hapana, umekwenda pande zote mbili, anatabasamu. Daktari akakata simu.

Lalamiko la pili: ameanza kuwa na maoni.

Binti yetu Lisbet alimnunulia kishikwambi ili asikose habari zenu, na nyinyi mkaweka chini ya kila habari nafasi ya msomaji kusema anachofikiri. Nani aliwatuma? Mume wangu hakuwa mtu wa maoni. Nilimchagua kwa sababu hiyo. Lakini siku mlipoandika kwamba maini ya kusaga hupakwa kwenye mkate na kuliwa kwa bitiruti ya siki, kumbe mtu huyu alikuwa na moto tumboni miaka yote hii. Akaandika, kwa kidole kimoja, kwamba mwenye akili zake hula maini kwa tango. Punde si punde mtu anayejiita Nyangumi wa Kaskazini akamjibu kwamba watu wa tango ndio walioiharibu Denmark.

Ejnar akasimama, mkate ungali mdomoni. "Nikimpata huyu Nyangumi," akasema, "nitamtosa bandarini na buti zake!"

Wakaendelea wiki hadi wiki. Walipomaliza maini wakaingia kwenye baiskeli za umeme, na kutoka hapo wakaingia kwa mbwamwitu wanaorudi Jutland, ambapo mambo yalichafuka kabisa.

Sasa, dirisha la jiko langu linatazama nyumba ya jirani yetu Thorkild. Nikaanza kuona kwamba kila Ejnar akituma maneno yake, Thorkild upande wa pili wa ua anapiga meza kwa ngumi. Na Thorkild akiinama kuandika, haichukui muda kishikwambi cha Ejnar kinalia. Nilielewa. Nikanyamaza, maana mchana walikuwa wakiazimana mashine ya kukatia nyasi kwa adabu zote. "Ahsante, jirani." "Hakuna shida, jirani." Kisha kila mmoja anaingia ndani kwake kwenda kumtukana mwenzake.

Yalilipuka siku Thorkild alipotimiza miaka sabini na tano. Bendera ilipepea mlingotini, wageni tumejaa, na dada yake ametunga wimbo mrefu wa kumsifu, tunauimba tumeketi. Mkewe, Jonna, akaleta maini ya kusaga na chupa ya bitiruti. Ejnar akaisukuma ile chupa.

"Bitiruti ni ya kupaka rangi banda," akasema, "si ya kula."

Ni maneno yale yale aliyokuwa ameyaandika Jumanne. Uma wa Thorkild ukabaki hewani.

"Hebu rudia."

"Bitiruti ni ya kupaka rangi banda."

"Kumbe ni wewe! Wewe ndiye uliyeniita pipa la mafuta!"

"Na wewe ndiye uliyesema mimi nimenyonyeshwa maji ya tango!"

Wakatoka nje, wakaenda bustanini. Dada mtu akaendelea kuimba peke yake kwa sababu beti zilikuwa bado. Nadhani Lemvig nzima ilisikia. Walifokeana mpaka wakaishiwa matusi, na Ejnar, akihema, akauliza, "Kwani miaka yote hii mbona hujawahi kuniambia unawachukia mbwamwitu?"

"Ningekuambia saa ngapi, bwana?" Thorkild akasema. "Kila nikichungulia kwako, unasoma gazeti."

Wakaketi kwenye nyasi, na kwa kuwa magoti yao si ya kuketi kwenye nyasi, mimi na Jonna tulilazimika kwenda kuwavuta mmoja baada ya mwingine.

Hapo ndipo lilipozaliwa lalamiko la tatu. Thorkild sasa yuko jikoni kwangu kila asubuhi, na kishikwambi chake kwapani. Wanasoma habari ile ile, kila mmoja kwenye kioo chake, na kugombana ana kwa ana huku wakimaliza jibini. Mimi niliolewa na mwanamume mmoja mkimya. Leo nina wawili, na wote wana sauti.

La nne ni fupi. Kishikwambi hakifungi samaki. Nimejaribu kufutia madirisha, yakabaki na michirizi. Nimejaribu kukitia ndani ya kiatu kilicholowa, hakikuingia. Chombo kisichoweza hata kukausha kiatu mnakiitaje gazeti?

La tano ningependa kuliruka, lakini nimeahidi utaratibu.

Asubuhi moja mvua ilikuwa inanyesha na Thorkild amekwenda kwa daktari wa meno. Ejnar alikuwa hasomi kitu. Alikuwa anatazama tu mahali pale juu ya meza ambapo gazeti lilikuwa likisimama.

"Rigmor," akasema, "unakumbuka karakana ya meli ilipofungwa?"

Nitaachaje kukumbuka? Alikuwa mchomeleaji pale tangu ujana wake.

"Ule mwezi wote sikuwa nasoma. Nilikuwa nalia. Gazeti lilikuwa kubwa, likanisitiri."

Nikamwambia nilidhani anatazama matokeo ya mpira.

"Hata huko tulikuwa tunafungwa," akasema.

Nikammiminia kahawa mpaka ikafurika kwenye kisahani, ikafika kwenye kitambaa cha meza, na hakuna kati yetu aliyesogea kuifuta. Sasa nikuulize, Ndugu Mhariri, mimi habari kama hiyo naifanyia nini? Ndiyo habari kubwa kuliko zote zilizowahi kufika kwenye meza yangu. Ilikuwa nyuma ya ukurasa wenu wa mbele mwezi mzima, umbali wa mkono wangu, nanyi mkawa mnanionyesha talaka za waimbaji.

Kwa hiyo naleta ombi. Chapeni nakala moja kwa siku, ya nyumba hii tu. Najua karatasi ni ghali, basi punguzeni habari. Tena habari zenyewe sizihitaji. Kurasa zikiwa tupu nitapokea, mradi upana utoshe kutoka sikio moja la Ejnar hadi la pili, na vipimo nimeviambatisha. Mkishindwa na hilo, leteni ubao wenye jina la gazeti juu, tutausimamisha kati ya birika na jibini. Mkikataa vyote, nitawapandisha Ejnar na Thorkild kwenye treni ya alfajiri, waje kunywa kahawa na nyinyi hapo ofisini, na jibini mtanunua wenyewe.

Nisalimie mwandishi wa nyota, mwambie watu wa Mizani bado tunaisubiri ile safari aliyotutabiria. Nisalimie wapiga picha, na wale wachapaji mliowaaga Pasaka wape salamu za pekee, hasa kama siku hizi wanakula kifungua kinywa bila kitu cha kujifichia. Jonna anakusalimu. Thorkild amesema yeye hasalimii watu wa tango wanaojifanya wa bitiruti, sikuelewa maana yake.

Kwa heshima, na kwa kuwa kalamu imeanza kukwaruza, naomba niishie hapa.

Msomaji wenu,
Rigmor Brunsgaard

N.B. Ile nakala moja niliyoiomba hapo juu, tafadhali msiichape. Ilikuwa hivi. Kabla sijabandika stempu, Kamma wa kibanda cha magazeti aliniletea rundo la nakala zenu za zamani alizozikuta stoo. Leo asubuhi nikamwekea Ejnar moja mezani. Akaifungua, na vile vidole vinane vikarudi mahali pake. Thorkild akachungulia dirishani, akaona, akageuka kurudi kwake bila kubisha hodi. Jiko likawa kimya, kimya kile kile nilichokuwa nakililia.

"Ejnar," nikasema, "mbwamwitu ameonekana tena kule msituni."

"Mm," gazeti likajibu.

Nikanyoosha mkono, nikalichomoa katikati ya vidole vyake, nikalitia kwenye jiko la kuni, na rundo lote likafuata.

"Mbona unachoma?" akauliza.

Nikamwambia nyumba ina baridi. Ni katikati ya Julai.